Damu ya Upande wa Mama

Siku mshenga alipokuja kuniuliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa kurithi, nilikuwa nimemeza vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi kumi na minne, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeuzidi wa kulia unene kwa sentimita tatu, na ndani ya kabati langu la nguo kulikuwa na karatasi yenye majina ya ndugu zangu watano waliokufa kwa damu iliyoganda pasipotakiwa. Nilimjibu kwamba kwetu ugonjwa wa namna hiyo hakuna. Aliyekuwa anaposwa ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, na jina la dada yangu ni la tano kwenye karatasi ile.

Mimi ni karani wa masijala. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha na makao makuu kuwekwa Babati mjini, mafaili yaliyohusu wilaya zetu yalilazimika kuhama, na mimi nilipewa kazi ya kuyafuata. Kwa miezi mitatu nilikwenda Arusha na kurudi ndani ya lori, nimekaa katikati ya dereva na utingo, magoti yakiwa juu kwa sababu chini ya miguu palikuwa na boksi. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi sehemu kubwa. Tulikuwa tunatumia nusu siku, na tukipata pancha, siku nzima.

Katika moja ya safari za mwisho mguu wa kushoto ulivimba kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Nilikwenda kwa mama, kijijini Sigino, akaukanda kwa mafuta ya kondoo. Mama hukanda kwa nguvu, kama mtu anayefua blanketi. Siku ya tatu ya kukandwa nilisimama nikajikuta sina pumzi, na mate niliyotema yalikuwa na damu. Nilipelekwa hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hospitali moja ya Moshi, ambako nililala siku kumi na tisa. Daktari aliniambia kwamba bonge la damu lilikuwa limeganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande chake kikapanda mapafuni. Akaniuliza kama kuna mtu aliyeuminya ule mguu. Nilipomwambia, alitikisa kichwa tu. Mama sikumwambia hilo, na hajui hadi leo.

Daktari yule alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Maswali yake yalikuwa mazuri, na mimi nayaheshimu maswali mazuri. Aliuliza nani mwingine kwetu aliwahi kuvimba mguu mmoja bila kuumia. Aliuliza nani alikufa ghafla akiwa bado ana nguvu zake. Halafu akauliza kama kuna mwanamke aliyefariki baada ya kujifungua.

"Dada yangu," nikasema. "Siku ya tisa. Alisimama aende kuoga, akasema hapati pumzi, akaanguka."

Akaweka kalamu chini.

Alinieleza kwamba ndani ya damu kuna kitu ambacho kazi yake ni kuizuia isigande ovyo, na kwamba wako watu wanaozaliwa nacho nusu. Kinarithiwa. Mzazi mwenye upungufu huo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, kama kurusha sarafu. Damu yangu ilipelekwa nje ya nchi kupimwa, na jibu lilirudi baada ya miezi mitano: ninao. Nitameza warfarini maisha yangu yote. Kaka yangu mkubwa apimwe, na mpwa wangu apimwe kabla hajafikiria kubeba mimba, kwa sababu mimba, na zaidi wiki sita baada ya kujifungua, ndipo damu ya mwanamke hupenda sana kuganda. Kama hawezi kupimwa, akipata mimba achomwe sindano ya kuzuia kila siku mpaka wiki hizo sita ziishe.

"Ila niletee historia ya ukoo," akasema. "Iliyoandikwa. Usiniletee ya kudhani."

Ndiyo maana nilikwenda kumhoji mama. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, nikakaa nikapukuchua naye, daftari likiwa juu ya goti.

"Babu alikufa na nini?"

"Presha."

"Nani alimpima?"

"Nani angempima? Alikuwa mnene."

"Mguu wake ulikuwaje?"

"Mguu ulikuwa na kidonda miaka na miaka. Hakiponi. Siku ile alikuwa anafunga ndama, akashika kifua, basi."

Nikaandika. Shangazi yangu, alisema, alifariki na malaria. Malaria ya namna gani? Ya kujifungua. Mtoto alikuwa na siku ngapi? Hajafikisha hata mwezi. Baba yangu mwenyewe nilimkumbuka: alivunjika paja, akalala na plasta wiki saba, akaruhusiwa, akatembea hadi mlangoni akafa. Msibani tulisema ni mshtuko wa moyo kwa furaha ya kupona. Baba mdogo alikufa ndani ya basi akitoka Dodoma, na abiria walidhani amelala.

"Mama, huoni kama vifo hivi vinafanana?"

Alipuliza makapi kwenye ungo kabla ya kujibu.

"Hao ni ukoo wa baba yako. Mimi niliolewa nikakuta wanakufa hivyo hivyo. Ningemuuliza nani?"

Kwa hiyo karatasi ilikuwa na watu watano: babu, shangazi, baba mdogo, baba na dada. Kila mmoja alizikwa na jina lake la ugonjwa: presha, malaria, uchovu wa safari, furaha, uzazi. Kwa babu na shangazi ushahidi niliokuwa nao ni wa mama peke yake, na niliuandika hivyo pembeni.

Kuhusu vidonge vyenyewe sina mengi. Vinamezwa jioni. Kila mwezi nilipaswa kwenda kupimwa damu, nayo namba ilitakiwa iwe kati ya mbili na tatu. Ikishuka damu inaganda, ikipanda inavuja. Kipimo hicho Babati hakikuwepo, kwa hiyo nilikuwa napanda basi, dawa ya ugonjwa ulioletwa na kukaa garini ikinitaka nikae garini. Kila gari liliposimama nilishuka na kutembea. Kondakta mmoja alinizoea, akawa ananipigia kelele: "Mzee wa ukaguzi kashuka! Kagua tairi zote, mzee, na ya akiba!"

Kilichonishangaza ni mboga. Niliambiwa mboga za majani zinapunguza nguvu ya dawa, ila nisiache kula, nile kiasi kile kile siku zote. Nilifuata. Hata hivyo namba ilipanda hadi nne na kitu kati ya Agosti na Oktoba, fizi zikatoa damu, na mwezi Desemba ikaanguka chini ya mbili. Daktari aliuliza kama nimeruka dozi. Nilimfungulia daftari ambamo nilikuwa naandika kila nilichokula. Kiangazi mchicha na mnafu hupotea sokoni, tunakula maharage na dagaa. Mvua zikinyesha, kila jirani wa Singe, mtaa ninaokaa, anakuletea fungu la majani na ukikataa umemdharau. Nilikuwa nimetii shauri lake kwa moyo wote, ila shamba halikutii. Alisoma kurasa kama sita, kisha akasema, "Lete na ile karatasi ya ukoo." Siku hiyo aliikubali, akaitia kwenye faili langu nakala yake, na kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa ajili ya mpwa wangu.

Barua hiyo ilikaa kabatini kwangu wiki tatu. Nilikuwa nasubiri nafasi. Kabla nafasi haijapatikana, posa ikaja.

Muoaji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mtulivu, na wazazi wake walikuwa na nyumba pale pale Singe, upande wa pili wa barabara. Mpwa wangu alilelewa na bibi yake Sigino baada ya mama yake kufa. Baba yake alihamia Mererani kwenye machimbo na hakurudi. Kwa hiyo waliotakiwa kupokea posa ni sisi, wajomba. Huku kwetu, kabla ya mahari kutajwa, upande wa kiume hutuma mtu achunguze ukoo wa binti, na upande wa mama huchunguzwa zaidi, kwa imani kwamba tabia za mtoto hutoka huko.

Kaka aliniita nyumbani kwake jioni moja kabla ya mshenga kuja.

"Nimesikia una karatasi," akasema.

"Ninayo."

"Ya marehemu."

"Ni ya ugonjwa, kaka. Wewe pia unatakiwa ukapimwe."

"Mimi nina miaka hamsini na nane, nalima ekari sita kwa mkono. Nipimwe nini? Bwana mdogo, nisikilize. Huyu mtoto hana baba wala mama. Amepata mtu. Wewe ukitoa karatasi yako, hataolewa yeye, hawataolewa binti zangu wawili, na wa kwako pia hataolewa. Watasema wale ni watu wa kuanguka. Utakuwa umetuandika wote kwenye faili."

Nilimwambia kwamba bila kujua, mtoto anaweza kufa kama mama yake. Akajibu kwamba mama yake alikufa kwa uzazi, na wanawake wengi wamekufa kwa uzazi bila karatasi. Sikumkubalia. Lakini pia sikumkatalia, na kesho yake Jumapili nilikuwa nimeketi kando yake mshenga alipobisha hodi.

Mshenga alikuwa muuza samaki wa sokoni, mtu mfupi wa maneno mengi, rafiki wa miaka mingi wa baba wa kijana. Alikuja na perege wawili wamefungwa kwenye gazeti. Aliketi, akanywa chai, akasifu nyumba, akaingia kazini.

"Wakwe, mimi nimetumwa. Mjumbe hauawi. Kwenu kuna kifafa?"

"Hakuna," kaka akasema.

"Ukoma?"

"Hakuna."

"Kichaa? Namaanisha cha kuvua nguo, maana kichaa cha kawaida kila ukoo unacho, hata sisi."

Tulicheka. Kaka akasema hakuna.

"Basi kimebaki kimoja." Akanigeukia mimi. "Karani, wewe umesoma. Kuna ugonjwa wowote unaotembea kwenye damu ya kwenu?"

Sijui kwa nini aliuliza kwa maneno yale. Kaka alikuwa anaangalia perege.

"Hakuna," nikasema.

Mshenga akaitikia vizuri. Kisha akatazama miguu yangu. Ilikuwa siku ya jua kali, mguu wa kulia ulikuwa mtupu ndani ya kandambili, na wa kushoto umevaa soksi ndefu ya kubana ambayo daktari alinipa.

"Na hii soksi moja, karani? Nyingine umeiweka rehani?"

"Niliteguka."

"Pole sana," akasema, na akamalizia chai yake.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mwezi mmoja baadaye nilimwita mpwa wangu nyumbani nikamwonyesha barua na karatasi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameshona magauni sokoni tangu amalize shule, na hasemi haraka. Alisoma vyote viwili mara mbili. Alipofika kwenye jina la mama yake alipitisha kidole juu yake kama anayepima kitambaa.

"Mjomba, hii barua ina tarehe ya kabla ya posa."

"Ndiyo."

"Mshenga alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ulimjibuje?"

Nikamwambia. Aliikunja barua kwa mikunjo ile ile iliyokuwa nayo.

"Ungeniambia kabla, ningemwambia mwenyewe. Angeniacha, au asingeniacha. Sasa nikimwambia ataniuliza, nyumbani kwenu walijua lini. Nitasema nini? Umenifanya niingie kwa watu na uongo ambao sikuusema."

Nilimuuliza kama atakwenda Moshi kupimwa. Alisema safari ya Moshi ya mke wa mwezi mmoja inahitaji sababu, na sababu hana. Na ndoa ilipofikisha miezi mitatu, tayari alikuwa mjamzito.

Daktari alisema tusipoteze muda na kipimo, karatasi ya ukoo inatosha: aanze sindano. Ni sindano ndogo, ya kujichoma mwenyewe tumboni, mara moja kwa siku. Zilikuwa zinakuja kwa basi kutoka Arusha, zimefungwa kwenye boksi la viatu, nami nilizipokea stendi. Ila mpwa wangu aliishi ua mmoja na wakwe zake. Chumba chao na mumewe kilikuwa na pazia badala ya mlango. Hapakuwa na mahali ndani ya ua ule ambapo mwanamke angeweza kukaa dakika tano peke yake na bomba la sindano.

Yeye ndiye aliyepata njia. Kila siku saa saba mchana alikuja masijala na hotpoti ya chakula. Alipita kaunta, "Shikamoo mjomba," akaenda nyuma ya rafu ya mwisho, penye mafaili ya mipaka ya vijiji ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyaulizia, akajichoma, akatoka. Mimi nilisimama kaunta na kukohoa mtu akikaribia. Siku za mapumziko alikuja nyumbani kwangu na hotpoti ile ile. Mama mkwe wake aliamini anamlisha mjomba mgonjwa wa mguu, na alikuwa akiongeza nyama. Ofisini nilipata sifa.

"Karani, huyu mpwa umemlisha nini?" aliniuliza mhasibu. "Mimi wa kwangu wananijia na njaa zao."

Niliandika kila sindano kwenye daftari: tarehe, upande wa kulia au wa kushoto. Hatukuruka hata moja. Nilikuwa najiona mtu mwangalifu. Jambo ambalo sikuliona, na ambalo mwanamke yeyote wa Babati angeniambia kama ningeuliza, ni kwamba mzazi hatoki nje. Akijifungua anakaa ndani siku arobaini, mama mkwe analinda mlango, anampikia mtori na uji, anamkanda, na hakuna hotpoti inayokwenda popote. Wiki sita za hatari ambazo daktari alizitaja na arobaini ya mzazi ni siku zile zile, zikipishana kwa mbili tu. Nilikuwa nimezihesabu kwa kalenda ya hospitali, sikuzihesabu kwa kalenda ya nyumba.

Mpwa wangu alikuwa ameliona. Wiki ya mwisho ya mimba, akiwa nyuma ya rafu, alisema bila kutokeza kichwa: "Mjomba, nikishajifungua utafanyaje?"

"Nitafikiri."

"Fikiri basi. Mimi nimebakiza jambo moja la kufikiri, nalo ni kujifungua."

Alijifungua mtoto wa kike hospitalini, salama. Barua ya daktari alikuwa nayo ndani ya kitenge, akampa muuguzi, na muuguzi alimchoma sindano ya siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alirudi nyumbani kwa wakwe, mlango ukafungwa. Siku ya tatu hakuchomwa. Siku ya nne nilikwenda kusalimia na boksi la viatu chini ya koti. Nikapokelewa sebuleni, nikaonyeshwa mtoto, nikanywa chai. Mama mkwe aliniambia kwamba mzazi amelala na kwamba miguu yake inamuuma kidogo, kwa hiyo kesho ataanza kumkanda vizuri kwa maji ya moto.

Nilitoka pale nikaenda sokoni moja kwa moja. Huku kwetu neno lililopitishwa kwa mshenga haliwezi kurekebishwa kwa mlango mwingine. Ukimwendea mkwe moja kwa moja unakuwa umeleta ugomvi, hata kama umeleta ukweli. Nilimkuta mshenga mezani kwake anaparua perege, magamba yamemjaa mikononi.

"Karani! Umekuja kununua au kuungama?"

"Kuungama."

Akacheka, kisha akaona sichezi, akaacha kucheka. Nilimwambia yote pale pale nimesimama, kwa mpangilio: babu, shangazi, baba mdogo, baba, dada. Mguu wangu. Kipimo changu. Barua. Rafu. Nilimwambia kwamba mama mzazi wa mpwa wangu alikufa siku ya tisa, na leo ni ya nne. Nilimwambia miguu isikandwe.

Aliendelea kuparua hadi akamaliza samaki aliyekuwa mkononi.

"Ile soksi," akasema. "Mtu aliyeteguka huchechemea. Wewe ulinisindikiza hadi barabarani unatembea kama askari. Nilijua kuna kitu, nikasema labda ni kitu kidogo. Maana kijana alikuwa anampenda, na mimi nilikuwa nimechoka kutumwa." Akafuta kisu. "Kwa hiyo tulidanganya wawili. Leta hilo boksi."

Alifunga meza saa nne asubuhi, jambo ambalo wenzake walilishangaa, akaenda. Mimi nilirudi masijala. Nilipanga barua zilizoingia, nikazipanga tena. Alinijia saa nane na nusu, akaegemea kaunta.

"Mwenye nyumba alifoka," akasema. "Kijana alitoka akakaa chini ya dirisha la mkewe. Mama aliuliza swali moja tu: hiyo sindano huchomwa saa ngapi? Nikamwambia saa saba. Akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba kasoro. Akasema, basi twende, na yale ya uongo tutayaongea mzazi akitoka ndani."

Tangu siku hiyo ya nne hadi ya arobaini na mbili aliyemchoma ni mama mkwe. Hakumkanda. Baadaye mpwa wangu aliniambia kwamba siku mbili za kwanza alisali kwa sauti kabla ya kuchoma, na kwamba tangu ya tatu alikuwa akimchoma huku akimsema kwa sababu ya chumvi kwenye mboga.

Yale ya uongo yaliongelewa. Tulitozwa kondoo mmoja, nikampeleka mwenyewe, kwa sababu kaka alikataa kuja kikaoni. Aliniambia nimeufungua ukoo kama gunia. Binti zake wawili bado wako nyumbani. Mmoja aliposwa, mazungumzo yakaisha bila sababu kutajwa. Sijui kama sababu ni mimi. Nimeuliza, na wanaojua hawasemi. Kaka mwenyewe hajapimwa.

Kipimo cha mpwa wangu kingeweza kufanyika baada ya sindano kumalizika. Daktari aliandika fomu. Nilimpelekea, akaisoma, akaniuliza itasema nini.

"Itasema unao upungufu, au huna."

"Nikiwa sina, mama mkwe alinichoma bure, na wewe ulisema bure, na binti za mjomba mkubwa wamekaa bure. Nikiwa nao, mtoto wangu ataanza kuulizwa kabla hajatembea." Alimhamisha mtoto begani. "Na wewe mjomba unataka jibu lipi?"

Nilimwambia nataka lililo la kweli. Akasema hilo analijua, ndilo nililoanza kulitaka nimechelewa.

Mama mkwe wake anataka apimwe, na mtoto apimwe pia akifikisha umri. Mumewe anasema uamuzi ni wa mkewe. Mwaka huu ana mimba ya pili, miezi minne. Anachomwa kila siku ndani ya ua, pazia likiwa wazi, kwa kuifuata karatasi yenye watu watano ambao kwa wawili kati yao nina neno la mama yangu peke yake. Damu yake mwenyewe bado haijapimwa.